Siku Tatu za Ignace

Tangazo aliliandika Glody, binti yake wa miaka kumi na mitatu, maana Kiingereza cha Firmin kilikuwa cha kusema, cha kuandika hakuwa nacho. Lilisema kwamba Bwana Firmin anatembeza mbwa, anawalisha, analala nao nyumbani kwao wenyewe wakisafiri, na kwamba ni mtu wa kutegemewa. Hilo la mwisho Firmin alitaka lipigiwe mstari. Glody akamjibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba siku hizi watu hawapigi mistari. Firmin akachukua kalamu akapiga mwenyewe, miwili. Kisha akatoka La Rochelle, mtaa wao wa kusini mwa Johannesburg, akaenda mpaka Emmarentia upande wa kaskazini, akaomba ruhusa ya kulibandika kwenye duka la vyakula vya wanyama. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2016.

Kabla ya hapo alikuwa mlinzi kwa miaka sita. Ukitaka kumwudhi Firmin mpaka leo, mwulize habari za kibanda. Kibanda cha mlinzi cha Johannesburg ni chumba ambacho mtu mzima akikaa, magoti yanagusa ukuta. Ndani kuna kiti cha plastiki, daftari la wageni na hita isiyowaka. Kazi ni kuinua kizuizi gari lipite, kukishusha, na kuandika. Kule Uvira, Kongo, Firmin alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki na watu wawili wa kuwatuma, na hapa wenye magari walikuwa wakimpungia mkono kwa miaka sita bila hata mmoja kumwuliza jina. Alipokivua kile kikoti cha ulinzi alimwambia mkewe, Orpha, kwamba akimwona tena amekivaa ajue mambo yameharibika kabisa.

Basi akawa mtu wa mbwa. Mama yake alipopiga simu kutoka Uvira kuuliza kazi gani hiyo, Firmin alisema anashughulika na usafiri. Hakuongopa sana. Asichomwambia ni ile mifuko midogo ya plastiki mfukoni, na kwamba mwanawe, baba wa watu, anainama barabarani kuokota kinyesi cha mbwa kikiwa bado cha moto, na wapita njia wanaona ni adabu nzuri.

Mteja wake wa kwanza, na mkubwa kuliko wote, alikuwa Madam Annelie, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba ya matofali mekundu mwishoni mwa mtaa uliofungwa kwa kizuizi. Alikuwa na mbwa wawili. Mielie alikuwa kizee, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, anayemeza kidonge cha moyo kila asubuhi. Kaptein alikuwa dume kubwa jekundu lenye mstari wa manyoya yaliyosimama mgongoni, na lilikuwa limeshawaangusha watembezaji wawili waliomtangulia Firmin. Mmoja alivunjika mkono.

Kaptein alimburuta Firmin pia, siku tano. Siku ya sita, kwenye kona, Firmin akakasirika kweli, na Firmin akikasirika Kiingereza humpotea. Akasimama katikati ya njia akamwambia mbwa kwa Kiswahili, kutoka tumboni, kwamba atakaa hapo mpaka yeye aseme. Kaptein akakaa. Firmin mwenyewe alishangaa. Tangu siku hiyo akashika utaratibu mmoja asioubadilisha: kila kona, kila ukingo wa barabara, kwenye robot, yaani taa za barabarani, hata kama hakuna gari, mbwa wanakaa chini na kungoja, mpaka yeye aseme "twende". Baada ya wiki tatu ungeweza kumpa mtoto ile kamba. Lakini bila lile neno Kaptein hakunyanyuka, hata umpe nyama. Madam Annelie alicheka aliposikia kwamba mbwa wake wamejifunza lugha nyingine, ila goti lake lilikuwa baya na hakuwa mtu wa kutembea, kwa hiyo hakujali ni lugha gani.

Mwaka wa tatu akampa ufunguo. Firmin aliutia kwenye kamba nyekundu akauvaa shingoni, chini ya shati, na Orpha akawa anamtania kwamba hata siku ya ndoa yao pete hakuivaa kwa uangalifu vile. Mwezi Agosti 2018 Madam alikuwa anakwenda Ureno siku kumi kumwona mwanawe. Firmin alale pale, awatembeze mbwa mara mbili kwa siku, na kila asubuhi na kila jioni amtumie picha. Akirudi, alisema, ataandika habari zake kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, maana yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake. Nyumba tisini. Mwezi wa Desemba nusu ya nyumba hizo hukimbilia baharini na kuacha mbwa, na kila mwenye nyumba huwa anahangaika kumpata mtu. Neno moja la Madam Annelie kwenye grupu lile lingemtosha Firmin mpaka uzeeni. Asingekiona kibanda tena. Alilala usiku wa kwanza kwenye chumba cha wageni huku Kaptein akikoroma mlangoni, na akaota mitaa mizima ikimwita.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Orpha akapiga simu.

"Papa Glody, Baba Marcellin ametuacha."

Baba Marcellin alikuwa baba mdogo wa Orpha, aliyemlea na kupokea mahari yake. Alikuwa akiishi Durban.

"Pole, Mama Glody. Pole sana. Mazishi ni lini?"

"Ni kesho kutwa. Bus inatoka leo mchana. Nishapanga nguo yako."

Firmin akamtazama Kaptein, Kaptein akamtazama yeye.

"Mama Glody, niko kwa mbwa. Madam anarudia juma yenye inakuya."

Orpha akashusha sauti.

"Donc niende matanga, nisimame mbele ya jamaa, niseme bwana yangu alibakia na mbwa. Njo unataka?"

Hakutaka. Kwa watu wao mkwe ndiye anayebeba jeneza upande wa mbele, ndiye anayepokea wageni, ndiye anayetajwa kwa jina ukoo ukikaa chini. Mkwe asipoonekana, hakuna anayeuliza alikuwa wapi. Wanasema tu kwamba binti yao hakuolewa, na maneno hayo yanamfuata mwanamke mpaka kaburini.

Sasa Firmin alifanya alichokijua. Kwenye ulinzi kuna sheria moja inayozidi nyingine zote: lindo lisibaki tupu. Ukipatwa na shida, unaweka mtu. Unamwita mwenzako mnayeaminiana, unampa kikoti na tochi, anasimama mahali pako, na msimamizi akipita anahesabu kichwa na kuendelea. Kwa miaka sita Firmin aliwekwa na wenzake, naye aliwaweka wenzake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mtu wa namna hiyo si wa kutegemewa. Asiyetegemewa ni yule anayeacha kiti wazi.

Akamwita Ignace.

Ignace waliimba naye kanisani Rosettenville, yeye sauti ya nne. Alikuwa mrefu hata akiingia mlangoni anainama, na kwa miaka minane alikuwa amelinda magodauni akiwa na mbwa wakali, mpaka kampuni yake ikafungwa. Tena alikuwa mtu wa Uvira, na mbwa wale walikuwa hawatembei kwa Kiingereza. Kama ungetafuta Johannesburg nzima usingepata mtu bora. Firmin alimwonyesha kikombe cha kupimia chakula, kidonge cha Mielie kinavyofichwa ndani ya jibini, namba za king'ora, blanketi la nani ni lipi. Wakatembea wote mpaka kona ya kwanza. Ignace akasema "ngoja", mbwa wakakaa. Akasema "twende", wakainuka.

"Enda uzike, ndugu yangu," Ignace akasema. "Kazi yako haitalala."

Firmin akatoa ile kamba nyekundu shingoni akamvika.

Mpaka hapo mimi simlaumu. Lakini akiwa ndani ya basi aliandika ujumbe kwa Madam kumweleza, akausoma, akaufuta. Alijiambia mama wa watu yuko ufukweni na mwanawe, kwa nini amharibie likizo kwa jambo ambalo limeshatengenezwa. Akaandika tena, akafuta tena. Na jioni Ignace alipomtumia picha ya Kaptein akila, Firmin akaituma Ureno kama ilivyo, na chini yake akaandika: "Kila kitu sawa, Madam. Tumekula vizuri." Tumekula. Hapo ndipo ninapotaka kumshika Firmin masikio.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu walizika. Firmin alibeba mbele, upande wa kulia, na mama wakwe walimwona. Saa kumi jioni alikuwa ameketi chini ya turubai na sahani ya wali mapajani, akatuma picha ya mbwa wawili wamekaa kwenye ukingo wa barabara, na maneno: "Matembezi mazuri leo."

Wakati huohuo, Emmarentia, jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye dirisha lake la juu. Aliona mwanamume mrefu mweusi, kavaa koti la zambarau la kwaya, anapita na mbwa wa Annelie. Akampiga picha kwa nyuma, akaiweka kwenye grupu la mtaa. "Huyu si yule wa siku zote. Nani anamjua?" Nyumba tisini zikasoma. Haikupita robo saa, gari la doria likafika, na watu wake wakamsimamisha Ignace ukutani, mikono juu. Mbwa walikaa chini kama walivyofunzwa, wakangoja neno. Ignace aliwaeleza kwa upole kwamba yeye ni remplaçant wa Firmin, mtu anayeshika nafasi yake, na kwamba ufunguo anao. Akautoa shingoni kuwaonyesha. Ndicho kilichomharibia kabisa: mgeni mwenye ufunguo wa nyumba ya watu.

Simu ya Madam Annelie ilimkuta Firmin na kijiko mkononi.

"Firmin, uko wapi?"

Nyuma ya Firmin akina mama walikuwa wanaimba. Alifikiria kusimama aende mbali, halafu akaona hakuna umbali wa kutosha.

"Niko Durban, Madam. Baba wa mke wangu amefariki. Nimeweka mtu mzuri sana, anajua mbwa kuliko mimi."

"Umenitumia picha dakika ishirini zilizopita."

"Ndiyo, Madam."

"Umeandika matembezi mazuri."

"Yalikuwa mazuri," Firmin akasema, na alipolisikia neno lake mwenyewe alitamani alimeze.

Dada yake Madam akaenda kuuchukua ufunguo kwa Ignace palepale, mbele ya watu wa doria. Firmin aliporudi Johannesburg hakukuwa na kazi ya kurudia. Hata hivyo alingoja Madam arejee, akapiga pasi shati, akaenda. Madam hakumfungia mlango. Alimkaribisha kwenye kibaraza, akampa chai, akampa pole ya msiba, na Firmin aliona macho yake yako mekundu kidogo, jambo lililomchanganya zaidi. Kaptein aliweka kichwa kwenye goti la Firmin muda wote.

"Mbwa walikuwa wazima," Madam alisema. "Najua. Mielie hata kidonge hajakosa."

"Kazi haikulala hata saa moja, Madam."

"Sikumpa ufunguo mtu yeyote anayeweza kazi. Nilikupa wewe."

"Kama ningekuuliza, ungenikubalia niweke mtu?"

Madam aliifikiria kwa haki. "Nisingekubali."

"Na mimi nisingeenda kuzika?"

Madam alikoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga, akasema angependa Firmin aondoke kabla ya Kaptein kuanza kulia. Hakuandika ubaya wowote kwenye grupu. Hakuandika chochote, na katika mtaa wa namna ile hilo linatosha. Nyumba nyingine tatu zilizokuwa zikimtumia zikamwachisha kazi ndani ya wiki moja, kwa ujumbe wa adabu unaofanana mpaka Firmin akaamini wamenakiliana. Alienda dukani kubandika tangazo jipya. Lile la zamani lilikuwa bado lipo, mistari yake miwili imefifia kwa jua. Akalibandua, na hakubandika lingine.

Nilishasema Firmin alimwambia mkewe nini kuhusu kile kikoti. Mwezi wa Novemba Orpha alikikuta kimeanikwa kwenye kamba. Kampuni ya ulinzi ilimpokea bila maswali, ikampangia lindo bila kumwuliza, na lindo lenyewe likawa kizuizi cha mtaa wa Madam Annelie. Kiti cha plastiki, daftari, hita. Magoti yaligusa ukuta palepale.

Asubuhi ya kwanza gari dogo lilisimama, limechorwa mbwa anayecheka ubavuni. Akashuka msichana kavaa shati la kijani lenye mbwa yuleyule. Firmin akafungua daftari, kwa maana kila anayeingia kwa miguu lazima aandikwe. Jina, Nomsa. Anakwenda nyumba gani? Ile ya matofali mekundu. Kwa sababu gani? Kutembeza mbwa.

Siku ya pili likashuka shati lile, na ndani yake kijana anayeitwa Bakiri. Ya tatu, mwanamke aliyeandika jina bila kuinua macho kwenye simu yake. Ya nne, mwingine. Wote waliutoa ufunguo wa Madam mfukoni, uleule, sasa umefungwa lebo ya plastiki yenye namba. Firmin akawa anaandika. Wiki tatu zikapita, akahesabu majina kwa kidole: kumi na moja. Alitoka kwenye kibanda akasimama juani, akarudi ndani, akahesabu tena, maana hasira ilimfanya asiamini vidole vyake.

Aliupiga picha ukurasa wa daftari akampelekea Orpha nyumbani jioni.

"Angalia hii. Kumi na moja, Mama Glody. Mimi niliweka moja tu. Moja. Siku tatu."

Orpha alikuwa anasuka kichwa cha mteja, hakuacha kusuka.

"Kosa haikuwa Ignace," akasema. "Kosa ilikuwa zile picha."

Firmin akairudisha simu mfukoni. Alikuwa amelijua hilo tangu kwenye basi, na kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine kulimkera kuliko yale majina kumi na moja. Akaenda kulala bila kula.

Kesho yake Madam Annelie, ambaye siku zote alikuwa akipita akipunga mkono tu, alisimamisha gari kwenye kizuizi, akateremsha kioo, na uso wake ukachangamka kweli.

"Firmin. Sikujua ni wewe. Huwezi kujua nilivyofarijika. Sasa nitalala vizuri nikijua wewe ndiye uko getini."

"Asante, Madam." Mkono wake ulikuwa kwenye kizuizi, hakukiinua. "Wale wa shati la kijani, Madam. Unawajua?"

"Kampuni inawajua. Wote wamechunguzwa."

"Kampuni unaijua?"

Madam alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha asiouelewa. Nyuma yake gari lingine likapiga honi. Firmin akainua kizuizi.

Ijumaa ile ilikuwa zamu ya Nomsa tena. Alitoka na mbwa wote wawili kuelekea bustanini, na walipofika kwenye kizuizi, pale barabara ndogo inapokutana na kubwa, Kaptein akakaa chini. Mielie naye akakaa. Nomsa akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akatoa biskuti, akaweka mbele ya pua ya Kaptein, Kaptein akaila na kubaki amekaa.

"Eish. Kila siku hivi, bhuti," Nomsa alimwambia Firmin, akimwita kaka kwa Kizulu, jasho linamtoka. "Kila kona. Wenzangu wanasema ni kiburi. Huyu mdogo tunambeba, mkubwa tunangoja achoke. Nikichelewa nyumba inayofuata wananikata mshahara wa siku nzima."

Firmin alikuwa mlangoni mwa kibanda, na nisimfiche: alifurahi. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu Agosti, na aliinyamazia ili idumu. Lile shati la kijani lilikuwa na ufunguo, lilikuwa na gari lenye picha ya mbwa, lilikuwa na imani ya nyumba tisini, na lilikuwa halisogei hata hatua moja. Kaptein alikuwa anamtazama yeye, mkia unafagia vumbi, anangoja. Ilitosha Firmin aseme neno moja na mbwa angeinuka, lakini angekuja kibandani.

Nomsa akachuchumaa ukingoni mwa barabara, akashika kichwa. Alikuwa na umri wa Glody na miaka michache juu yake. Viatu vyake vilikuwa vimepasuka upande.

"Mwambie: twende," Firmin akasema.

"Nini?"

"Twende. Ni lugha yake."

"Tu-wende," Nomsa akamwambia mbwa. Kaptein akamtazama Firmin.

"Usimwombe. Toa hapa," Firmin akajigusa tumboni. "Kama umekasirika lakini unampenda. Na mimi nitageuka, asinione."

Akageuka, akatazama ukuta wa kibanda, ambako mtu fulani aliyemtangulia alikuwa amechora mistari ya kuhesabu siku. Nyuma yake akamsikia msichana akivuta pumzi.

"Twende."

Akasikia kucha za mbwa juu ya lami, kwanza za Kaptein, kisha zile fupi za Mielie. Alingoja kidogo kabla ya kugeuka. Walikuwa wameshavuka, kamba imelegea, wanatembea vizuri kabisa. Kaptein hakutazama nyuma.

"Sharp, bhuti," Nomsa akashukuru kwa sauti kutoka ng'ambo, anacheka. "Naliandika hilo neno kwenye grupu letu sasa hivi. Wote walijue."

Firmin akarudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akaandika jina la Nomsa na saa aliyotoka.